Presha ya oili baada ya gari kuchemsha Saranda: shajara ya Corolla ya Mwalimu

Jumatatu

Mwalimu amenipigia kabla sijafungua geti la gereji hapa Kizota. Taa nyekundu ya oili inawaka kila akisimama, akikanyaga mafuta inazima. Akauliza, "Fundi, si nije nalo taratibu tu? Ni hapo Nkuhungu." Nikamwambia, "Hapana mwalimu, usiliwashe kabisa. Nakuja na kamba." Ni kipande kifupi, lakini beringi (vibamba laini vinavyoshika krenki, yaani mhimili unaozunguka wa injini) zikikosa oili dakika chache tu, kazi ndogo inageuka kuwa ya injini nzima.

Ni Corolla 110, injini ya 5A, cc 1,498. Kabla ya kushika spana nimemkalisha anisimulie.

Mwisho wa Oktoba alifiwa na mjomba wake Manyoni. Waliondoka Dodoma saa saba mchana, watu watano garini. Bahi wakapita salama, Kintinku wakapita salama. Walipoanza kupanda mlima wa Saranda mshale wa joto ukaenda hadi mwisho. Wakasimama, wakangoja, wakaongeza maji ya chupa, wakaenda kidogo, wakasimama tena. Msiba haukuwa wa kukosa. Manyoni gari likaingia likitoa mvuke, na oili kwenye stiki ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Fundi wa pale akafungua hedi (kichwa cha injini) chini ya mti, akabadilisha gasketi, akashusha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kusafisha ule uji wa maji na oili, akaweka oili mpya. Siku mbili gari likarudi Dodoma.

Wiki ya kwanza hakuna tatizo. Wiki ya pili taa ikaanza kuwakawaka injini ikishapata moto. Akashauriwa aweke oili nzito, 20W-50, na chupa moja ya dawa ya kuzidisha unene. Taa ikazima siku nne, kisha ikarudi.

Hizo siku nne ndizo zinazonipa wasiwasi. Kama oili nzito imeizima taa, basi swichi huenda ni nzima, na taa ilikuwa inasema kweli.

Jumanne

Leo ni kupima tu, sifungui kitu.

Swichi ya presha ya oili inajua mambo mawili tu: ipo au haipo. Haikuambii ipo kiasi gani. Nimeifungua pale karibu na filta, nikafunga geji ya mshale kwa kiungio cha uzi uleule. Kijana wangu aliuliza kwa nini tusinunue swichi mpya kwanza, maana ni rahisi. Ni swali zuri, na swichi mbovu zipo nyingi. Lakini ukibadilisha swichi bila kupima, taa ikizima hujui kama umetibu au umeziba mdomo wa mgonjwa.

Kitabu cha Toyota kwa injini hii kinataka, injini ikiwa ya moto, psi (pauni kwa inchi ya mraba) 4.3 au zaidi kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta, na psi 36 hadi 71 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Tulichopata, na ile oili nzito ikiwa bado ndani:

Injini baridi, mara tu baada ya kuwaka: psi 58.
Ya moto, feni imeshawaka mara mbili, sailensa: psi 4.
Ya moto, mizunguko 3,000: psi 21.

Swichi haina kosa. Na hiyo 58 ya baridi imenipa kitu cha kushika. Kama vali ya kupunguzia presha, ile iliyo ndani ya pampu, ingekuwa imekwama wazi, hata asubuhi injini ikiwa baridi presha isingefika huko. Sijaifuta kwenye orodha, ila nimeisogeza chini.

Jumatano

Nimemwaga ile 20W-50 pamoja na dawa yake. Nimeweka 10W-30 lita 3 na filta mpya, ili nipime injini kwa oili iliyotengenezewa. Mzee mmoja anayekuja kunywa kahawa hapa jirani alinisalimu "Mbukwa", salamu ya Kigogo, akaangalia, akaniuliza kwa nini naweka oili nyepesi kwenye injini inayolia njaa ya oili. Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Nataka nione ugonjwa wenyewe, bila blanketi."

Sailensa ya moto: psi 2. Mizunguko 3,000: psi 18. Nikazima papo hapo. Haifai kuendelea kuingurumisha injini kwenye presha hiyo kwa sababu ya udadisi.

Filta ya zamani nimeikata kwa msumeno wa chuma, nikaikunjua karatasi yake juani. Kila fundi anayetafuta ugonjwa wa oili angefanya hivi kabla ya yote, na sijui kwa nini hatufanyi. Ndani ya mikunjo kulikuwa na unga unaong'aa kama fedha. Nimeupitishia sumaku, haukuvutwa. Chuma cha silinda au cha gia kingevutwa, kwa hiyo huu unga huenda ni wa beringi. Na katikati yake, vipande vitatu vidogo vya silikoni nyekundu.

Alhamisi

Tumeshusha sampu.

Silikoni ilikuwa imepakwa kama siagi kwenye mkate, imefurika ndani mzunguko mzima. Sampu ya injini hii kweli hufungwa kwa silikoni, lakini uzi wa milimita 3 hadi 5 unatosha, maana unene wote unaozidi hapo bolti zinausukuma pembeni, nusu nje na nusu ndani. Ile ya nje unaiona na kuifuta. Ya ndani inakauka, inaning'inia, siku moja inakatika na kuelea hadi kwenye mdomo wa kunyonyea oili. Wavu wa mdomo huo ulikuwa umezibwa karibu nusu yake, vipande vyekundu vimeshikwa pamoja na tope la kahawia, lile lile lililobaki kutoka kwenye uji wa maji na oili.

Nilifurahi sana, nasema ukweli. Kijana akakimbia kumwita yule mzee wa kahawa aje aone. Nikampigia mwalimu nikamwambia nadhani tumepata.

Tumesafisha wavu kwa petroli na brashi laini, tumekwangua sampu hadi ikang'aa, tumeifunga kwa uzi mwembamba. Silikoni ikauke usiku kucha.

Ijumaa

Sailensa ya moto: psi 3. Mizunguko 3,000: psi 27.

Nimekaa na namba hizi kuliko nilivyokaa na kitu chochote wiki hii, kwa hiyo naziandika kwa urefu.

Pampu ya oili haitengenezi presha. Inasukuma oili, kiasi fulani kwa kila mzunguko, basi. Presha inazaliwa pale oili inapokuta njia nyembamba. Njia hizo ni nafasi kati ya krenki na beringi zake, kati ya kemishafti (mhimili unaofungua vali) na hedi. Nafasi ikiwa finyu oili inabanwa, geji inapanda. Nafasi ikipanuka oili inamwagika kirahisi kurudi kwenye sampu, geji inashuka, hata kama pampu ni mpya kabisa. Na upana huo haufanyi kazi kwa hesabu ya kujumlisha: oili inayovuja pembeni mwa beringi inaongezeka kwa upana uliozidishwa wenyewe mara tatu. Nafasi ikiwa mara mbili, uvujaji unakuwa mara nane.

Sasa angalia dalili mbili zinavyotengana. Wavu ukiziba, shida inaonekana zaidi mizunguko ikipanda, kwa sababu pampu inadai oili nyingi na mdomo hauwezi kuitoa. Sailensa haidai sana, wavu nusu unaitosha. Beringi zikiisha, shida inaonekana zaidi kwenye sailensa ya moto, kwa sababu pampu inazunguka polepole, oili imekuwa nyepesi, na kila tundu liko wazi. Kusafisha wavu kumeniongezea psi 9 kwenye 3,000 na psi 1 tu kwenye sailensa. Kwa hiyo silikoni ilikuwa kweli, ila ilikuwa ugonjwa wa pili. Wa kwanza uko kwenye beringi, na ule unga wa fedha ulikuwa umeshaniambia Jumatano.

Nimempigia mwalimu tena, kumwambia nilisema mapema mno.

Jumamosi

Sampu chini kwa mara ya pili. Kwa 5A unaweza kufungua vifuniko vya konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) kutoka chini bila kushusha injini, na ndicho tulichofanya leo, kimoja kimoja, kila kimoja kikirudi mahali pake na upande wake kabla ya kugusa kingine.

Kupima tumetumia ule uzi wa plastiki laini. Unafuta oili yote, unalaza kipande cha uzi juu ya shingo ya krenki, unafunga kifuniko kwa nguvu kamili ya spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), unafungua, unalinganisha upana wa uzi uliobanjwa na mistari iliyochorwa kwenye pakiti yake. Krenki isizunguke hata kidogo uzi ukiwa ndani. Kijana aliizungusha mara ya kwanza, tukaanza upya.

Konrodi ya 1: milimita 0.04. Ya 2: 0.05. Ya 3: 0.09. Ya 4: 0.12.

Kiwango cha kiwandani ni 0.020 hadi 0.051, kikomo ni 0.08. Mbili za mbele ni nzima, mbili za nyuma zimekwisha. Beringi ya 4 ina mikwaruzo unayoihisi kwa ukucha, na shingo yake ya krenki nayo imekwaruzwa.

Ni ya 4 ndiyo iliyo mbali zaidi na pampu ya maji. Saranda, maji yakipungua na mengine yakichemka, sidhani ni bahati kwamba nyuma ndiko kulikoumia. Oili ikipata joto kupita kiasi inakonda hadi utando wake hauwezi tena kuitenga beringi na krenki. Kisha maji yakaingia kwenye oili, na maji hayawezi kubeba krenki. Kilomita za mwisho kuingia Manyoni beringi hizi zilikuwa zinazunguka kwenye ule uji.

Jumapili

Sikufungua. Mwalimu alikuja baada ya ibada. Nimemwonyesha beringi ya 1 na ya 4 kwenye viganja vyangu viwili, nikamwacha apitishe ukucha mwenyewe. Nimempa njia mbili: injini ya mtumba, ambayo inafungwa kwa siku mbili lakini historia yake hatuijui, au kuishusha hii na kuifanya yote. Akauliza kama anaweza kwenda nalo shule hadi likizo ya Desemba kwa oili nzito. Nikasema hapana. Konrodi ya 4 ikinata kwenye krenki, ikakatika njiani na kutoboa bloku (mwili wa injini), hakutakuwa na injini ya kutengeneza tena.

"Basi ifanye hii, fundi. Hii naijua."

Jumanne, wiki ya pili

Injini iko chini.

Silinda hedi: nimeweka rula ya chuma iliyonyooka na kupitisha fila (vibamba vya kupimia nafasi). Imepinda milimita 0.12 katikati. Kikomo ni 0.05. Gasketi mpya ilifungwa Manyoni juu ya hedi iliyopinda. Sina lawama kubwa. Pale chini ya mti hapakuwa na mashine ya kuichonga, na msafiri alikuwa anataka kurudi nyumbani. Lakini ingechemsha tena, kama si mwezi huu basi ujao.

Pampu ya oili: nafasi kati ya gia ya nje na bodi 0.14, kikomo 0.20. Vali ya presha nimeipaka oili na kuiachia ndani ya tundu lake, ikateremka yenyewe kwa uzito wake, ndivyo inavyotakiwa. Pampu inabaki.

Meni beringi, zile zinazoshika krenki kwenye bloku: 0.05 hadi 0.06. Kikomo ni 0.10, kwa hiyo kisheria zimepita, ila nazibadilisha zote. Siirudishi krenki iliyochongwa juu ya beringi zilizokunywa uji.

Krenki imeenda kwa mzee wa mashine. Shingo za konrodi zinachongwa kuingia saizi ya 0.25, yaani milimita 0.25 chini ya saizi ya kiwandani.

Alhamisi

Beringi zimefika stendi ya Nanenane kwa basi kutoka Kariakoo. Boksi limeandikwa 0.25, ndani ni STD, saizi ya kiwandani. Zimerudi na basi la jioni.

Ijumaa

Nikiwa nasubiri, nimegeukia kitu kilichoanzisha yote. Ukitengeneza injini iliyochemsha bila kujua kwa nini ilichemsha, umetengeneza safari ijayo ya kamba.

Rejeta kwanza. Nimeifungua tanki la juu. Mirija mingi imejaa ukoko mweupe. Hapa kwetu hilo halihitaji mtaalamu: angalia ndani ya birika la nyumba yoyote Dodoma. Maji ya visima yana chumvi na chokaa, na rejeta inachemshiwa maji hayo kila siku kama birika. Mwalimu amekuwa akiongeza maji ya bomba kwa miaka. Rejeta hii haioshwi, inabadilishwa.

Kisha themostati, vali ya maji inayofunguka kwa joto. Haipo. Kuna mtu aliitoa zamani, mwalimu hajui nani wala lini. Hii ni imani ya gereji nyingi, kwamba ukiitoa maji yatazunguka huru na injini itapoa. Kwenye injini hii ni kinyume. Themostati ya 5A inakaa upande maji yanakoingilia, na nyuma yake ina kisahani kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto, ili maji yote yapitie kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta kamwe. Kwenye barabara tambarare ya Bahi huwezi kugundua. Kwenye mlima, na watu watano, saa nane ya mchana wa Oktoba, utagundua.

Mwisho, kifuniko cha rejeta. Springi yake imelegea, inasukumika kwa kidole. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na kwa urefu huo maji ya sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kifuniko kizima cha kPa 88 (kama psi 13) kinayapandisha hadi karibu nyuzi 116 kabla hayajachemka. Kifuniko kibovu kimemnyang'anya mwalimu karibu nyuzi 20 za usalama, kwa kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika shajara hii.

Jumatatu, wiki ya tatu

Beringi sahihi zimefika. Krenki imerudi inang'aa.

Kabla ya kufunga tumesafisha njia za oili, na hapa nilikuwa mkali kwa kijana. Vizibo vya bloku vyote vimetoka. Brashi ndefu, mafuta ya taa, upepo wa kompresa, kisha tena. Kutoka kwenye matundu ya krenki lilitoka tope la kahawia gumu kama ugoro uliolowana. Lingebaki, beringi mpya zingelila siku ya kwanza. Tumerudia hadi kitambaa cheupe kilipotoka cheupe.

Uzi wa plastiki tena, konrodi zote nne: 0.03, 0.03, 0.04, 0.03.

Jumatano

Injini ndani ya gari, hedi imechongwa, themostati mpya ya nyuzi 82, rejeta mpya, kifuniko kipya, kizuia kutu kilichochanganywa na maji yasiyo na chokaa. Pampu ya oili niliijaza grisi laini nyeupe kabla ya kuifunga, ili inyonye mara moja.

Hatukuiwasha. Tulitoa plagi zote nne, tukazungusha kwa stata, macho kwenye geji. Sekunde tano, hakuna. Tukapumzisha stata. Sekunde tano tena, mshale ukatikisika, ukapanda hadi 20 na kukaa. Hapo ndipo tulirudisha plagi.

Imewaka mara ya kwanza. Nilingoja feni mara tatu badala ya mbili.

Sailensa ya moto: psi 13. Mizunguko 3,000: psi 46.

Kijana amezipiga picha namba hizo kwa simu. Yule mzee wa kahawa hakusema kitu, alinipa mkono.

Jumamosi, wiki ya tano

Kilomita 500 za taratibu zimeisha, Nkuhungu na Bahi, kwenda na kurudi. Oili nimeimwaga, filta nimeikata. Chembe chache za kuzoeana, hakuna unga, hakuna silikoni. Geji nimeitoa, swichi imerudi mahali pake. Taa iliwaka nilipofungua swichi ya gari, ikazima injini iliponguruma.

Jumapili

Arobaini ya mjomba, iliyosogezwa mbele, ni leo. Mwalimu aliondoka saa sita mchana, na nilimwomba apige simu akifika juu ya Saranda, si Manyoni.

Amepiga saa nane kasoro. Mshale uko katikati, haujasogea tangu Bahi. Nikamwomba asimame pembeni, aache injini ingurume, aniambie kuhusu taa. Nikasikia mlango, nikasikia upepo wa mlimani kwenye simu, kisha sauti yake.

"Imezima, fundi. Nimeangalia mara mbili."

Oili inayofuata ni kwenye kilomita 3,000. Filta nitaikata.